Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa eBay: tunaomba ruhusa ya kuwakaribisha wanunuzi dukani kwetu

Kwa Mheshimiwa Jamie Iannone,
Mkurugenzi Mtendaji wa eBay,
San Jose, California.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani na kwa Kiswahili, jambo litakalokupa usumbufu wa kutafuta mtu wa kukusomea. Nimeandika hivi kwa sababu ombi hili si langu peke yangu. Wapo wasomaji wa lugha hii, Mombasa na Unguja, Muscat, London na Minneapolis, wanaonunua na kuuza katika mnada unaouongoza, nao wana haki ya kujua kimeombwa nini kwa niaba yao na kimeombwa kwa adabu gani.

Mimi ni muuzaji mdogo wa stempu na kadi za posta za zamani za Afrika Mashariki. Asili yangu ni Unguja, makazi yangu Leicester, Uingereza, na wateja wangu wengi sijapata kuonana nao uso kwa uso. Nimekutanishwa nao na eBay. Nalitanguliza hili kabla ya ombi lolote, maana ni fadhila, na kwetu mtu hashiki njia ya kuomba kabla ya kushukuru alichokwisha kupewa. Zamani, mtu mwenye bahasha iliyopita katika posta ya Wafaransa, ile iliyokuwapo Unguja hadi 1904, angemtafuta wapi mnunuzi? Angeipeleka kwa muuza stempu wa mji wake akapewa bei ya huruma. Nyinyi mmeifanya bahasha hiyo ionekane Lyon na Hamburg kwa asubuhi moja, na bei yake ikasemwa na watu wanaoijua.

Ombi langu ni hili, nalisema mapema ili nisikupotezee muda wako wenye thamani. Mnunuzi akishanunua kwa njia yenu, akishalipa, akishapokea kitu chake na kuridhika nacho, na nyinyi mkishachukua ada yenu yote, basi eBay yenyewe imuulize kwa maneno mafupi kama angependa muuzaji yule amjulishe habari za duka lake binafsi la mtandaoni. Akikubali, muuzaji apewe anwani yake halisi ya barua pepe. Akikataa, au akinyamaza, mambo yabaki kama yalivyo leo.

Kwa faida ya wasomaji wasiozijua taratibu zenu, niruhusu nieleze yalivyo leo. Sera ya eBay inawakataza watu waliokutana ndani ya eBay kuuziana nje yake. Muuzaji haruhusiwi kuweka kiungo cha tovuti yake katika tangazo la bidhaa, wala kuandika humo namba ya simu au anwani, wala kuutumia ujumbe wa ndani kumwalika mnunuzi mahali pengine. Anwani ya barua pepe anayoiona muuzaji ni ya kupitishia tu, imetengenezwa na eBay, na ya mnunuzi imefichwa nyuma yake. Malipo yalipokuwa yakipita PayPal, muuzaji aliweza kuiona anwani ambayo mnunuzi aliitumia kulipia. Tangu malipo yaingizwe ndani ya eBay, kazi iliyoanza 2018 na kukamilika chini ya uongozi wako, dirisha hilo nalo limefungwa. Anayevunja masharti haya anaweza kuondolewa tangazo lake au kufungiwa akaunti kabisa. Ni kweli kwamba mwenye duka ndani ya eBay ameruhusiwa kuwatumia wateja matangazo kupitia mfumo wenu, na mnunuzi anaweza kumfuata muuzaji ampendaye. Nawashukuru kwa hayo. Ila njia hizo zote huanzia eBay na kuishia eBay.

Tafadhali, Mheshimiwa, usinione kuwa nalalamika. Sababu za masharti haya nazijua na naziheshimu. Katika miaka ya mwanzo matapeli waliwafuata watu walioshindwa mnada, wakajifanya ndio wauzaji, wakawaambia kuwa mshindi amejitoa na kitu bado kipo, kisha wakawataka watume fedha kwa Western Union. Fedha zikishatumwa hazirudi. Kampuni nyingine ya mnada, ReverseAuction, ilijisajili kwenu, ikakusanya anwani za wanachama wenu na kuwaandikia ili iwavute kwake. Ilibidi tume ya biashara ya serikali ya Marekani iingilie, na shauri likamalizwa kwa makubaliano Januari 2000. Tena Oktoba 2018 eBay ilifungua kesi huko California ikisema kwamba wawakilishi wa Amazon wameutumia mfumo wenu wa ujumbe kuwashawishi wauzaji wa eBay wahamie kwao. Nyumba iliyopitia mambo hayo ina haki ya kulinda milango yake. Mimi mwenyewe simheshimu muuzaji anayemchomoa mnunuzi katikati ya mnada ili aikwepe ada. Ada ile imefanyiwa kazi, na kuikwepa ni dhuluma.

Ninachokiomba kinakuja baada ya ada, kwa ridhaa ya mnunuzi, na kwa mkono wenu wenyewe. Kwa heshima zote, naona kina tofauti kubwa na hayo niliyoyataja, na wala si kigeni katika historia ya nyumba yenu.

Wewe mwenyewe, Mheshimiwa, uliifanyia kazi eBay kuanzia 2001 hadi 2009, kisha ukarudi Aprili 2020 kuiongoza. Kwa hiyo utayakumbuka haya kuliko mimi. Mnada wenu ulizaliwa Septemba 1995 ndani ya tovuti ya mtu mmoja. Bwana Pierre Omidyar alikuwa na tovuti yake binafsi, na AuctionWeb ilikuwa sehemu moja tu ya tovuti hiyo. Mtu aliyeufuata mnada aliweza kukutana humo humo na kurasa zake nyingine zisizohusiana na biashara hata kidogo. Baadaye, kwa miaka mingi, kila mwanachama aliweza kuwa na ukurasa wa kujieleza, na katika ukurasa huo aliruhusiwa kuweka kiungo cha kwenda kwenye tovuti yake. Mwaka 2005 eBay ilianzisha ProStores, huduma ya kumjengea muuzaji duka lake mwenyewe lenye anwani yake mwenyewe, nje ya eBay. Huduma hiyo ilidumu hadi mwanzoni mwa 2015. Na kati ya 2011 na 2015 kampuni yenu ilikuwa na Magento, programu ambayo maelfu ya wafanyabiashara duniani wameijengea maduka yao binafsi.

Kwa hiyo, kwa karibu miaka 10, eBay iliona inawezekana muuzaji mmoja awe na kibanda mnadani na duka kwake, na ikapata riziki yake katika yote mawili. Sisemi kuwa mlikosea kuyaacha hayo. Sababu za kampuni kubwa huonekana vizuri zaidi kutoka pale ulipokaa wewe. Nasema tu kwamba ninachokiomba kiliwahi kuwapo nyumbani kwenu, na kwa namna pana kuliko hii.

Niruhusu nikueleze kwa bidhaa ninayoijua kwa nini mtu mwenye kibanda mnadani hutamani pia duka lake, maana ni rahisi kudhani kuwa anachokitafuta ni kuokoa ada tu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu za Zanzibar zenye picha ya Sultani Abdulla bin Khalifa hazikutupwa. Ziligongwa juu yake maneno JAMHURI 1964. Kwanza ziligongwa kwa mkono pale pale Unguja. Baadaye zikaja zilizochapwa maneno hayo kwa mashine Uingereza. Kwa macho ya mpita njia ni stempu ile ile. Kwa mkusanyaji, rangi ya wino, mwelekeo wa muhuri na umbo la herufi ndivyo vinavyopandisha bei au kuiangusha, na kwa kuwa muhuri wa mpira ni kitu chepesi kughushi, mnunuzi mgeni anahitaji mtu wa kukaa naye na kumwonyesha.

Mnada unaifanya kazi yake hapa kwa ustadi ambao sijauona penginepo. Stempu ambayo hakuna ajuaye thamani yake leo inawekwa mbele ya watu, wanaoijua wanashindana, dau linapanda, na saa ikifika bei imejulikana. Ila mnada una siku zake: 1, 3, 5, 7 au 10. Picha nilizozipiga na maelezo niliyoyaandika kwa usiku mzima huishi siku hizo na muda kidogo baadaye, kisha hutoweka. Kwenye tovuti yangu naweza kuweka picha kubwa za mihuri yote ya JAMHURI, ya kweli kando ya ya kughushi, zikabaki hapo miaka. Akaja mwanafunzi wa historia, au mjukuu wa karani wa posta, akazitazama bila kununua chochote. Naweza kuziweka kadi za posta za A. C. Gomes, mpiga picha wa zamani wa Unguja, nikaeleza kila kadi inaonyesha upande gani wa Forodhani, na mzee wa Mji Mkongwe akaniandikia kunisahihisha. Naweza kupokea kutoka kwa mkusanyaji orodha ya vitu anavyovitafuta, nikamwekea kando kimoja kimoja vinapopatikana. Na vitu vya bei ndogo, ambavyo hakuna haja ya kuvishindania na ambavyo ada na gharama ya kutuma humaliza faida yake yote, mahali pake ni duka lenye bei iliyoandikwa.

Mteja wa biashara hii hakai pale alipoanzia. Huanza na stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika zilizotoka 1935, zile za Mfalme George wa Tano zenye picha za mandhari ya nchi hizi. Mwaka unaofuata anataka bahasha zenye mihuri ya posta za vituo vya reli. Halafu anataka kujua reli yenyewe, nani aliyebeba mifuko ya barua, barua ya Kigoma ilichukua siku ngapi kufika pwani. Anakuwa mwanafunzi wangu, na mara nyingi baadaye anakuwa mwalimu wangu. Mazungumzo hayo hayawezi kukua ndani ya kisanduku cha ujumbe ambamo mashine inachuja kila sentensi ikitafuta namba za simu na anwani. Nayasema haya kwa upole, Mheshimiwa, maana mashine ile inafanya kazi iliyopewa, na kazi yenyewe ni ya kuwalinda watu. Inamlinda mnunuzi dhidi ya tapeli. Haiwezi kumtambua rafiki.

Mtu huyo aliyekwisha kuwa mwanafunzi na mwalimu hatauacha mnada wenu. Akipata bahasha ya nadra atakuja kuiuza kwenu, kwa sababu kwenu ndiko wanakoshindana. Nami nikiipata nitafanya vivyo hivyo. Hakuna tovuti ya muuzaji mmoja inayoweza kuwakusanya wazabuni wa mabara matatu kwa jioni moja. Tovuti mpya ni nyumba isiyo na jirani: unalipia jina lake na nafasi yake, unalipia mfumo wa kupokea kadi za benki, unaandika, unapiga picha, na wiki nzima hapiti mtu. Ndiyo maana naiona ada yenu kuwa ya haki, na ndiyo maana naomba mlango badala ya kutafuta upenyo.

Dar es Salaam mtu akitafutiwa chumba na dalali, humpa dalali kodi ya mwezi mmoja, na kazi ya dalali inaishia hapo kwa heshima. Mpangaji na mwenye nyumba hubadilishana namba za simu mbele yake. Yeye huenda kumtafutia chumba mtu mwingine, na hakuna anayeona kuwa ameibiwa kitu. Sifa yake inakua kwa sababu aliowakutanisha wanaendelea vizuri bila yeye, na siku mpangaji akitaka kuhama humpigia dalali yule yule. Watu wetu wa pwani na bara wameuzoea udalali wa namna hiyo, na wakija katika mnada wenu hushangaa kidogo kuona kuwa kujuana kwao hakuruhusiwi hata baada ya udalali kulipwa.

Upo mfano mmoja unaojulikana sana katika biashara hii, nami nautaja kwa uangalifu, bila nia ya kufukua yaliyopita. Mwaka 2006 Bi Sophia Amoruso alianza kuuza kwenye eBay nguo za mitumba za mitindo ya zamani, kwa jina la Nasty Gal Vintage. Mwaka 2008 akaunti yake ilifungwa baada ya kuweka viungo vya tovuti yake katika maoni aliyowaandikia wateja. Alivunja masharti, na masharti yalitekelezwa. Akaenda na duka lake, na miaka michache baadaye mauzo yake yakahesabiwa kwa makumi ya mamilioni ya dola. Haikuwa hadithi ya raha hadi mwisho: kampuni iliomba kinga ya kufilisika 2016, na jina lake likanunuliwa na Boohoo 2017 kwa dola milioni 20. Duka binafsi si dawa ya kila kitu, na sitaki kumwambia yeyote kuwa ni hivyo. Lakini ninapoufikiria mwaka ule wa 2008 huona hasara ya pande mbili. Yeye aliwapoteza wateja waliompenda, nanyi mlimpoteza muuzaji ambaye angeweza kubaki na kibanda chake kwenu huku duka lake likikua. Lau ungekuwapo utaratibu wa wazi wa kumuuliza mteja, asingekuwa na haja ya kukificha kiungo katika maoni.

Najua kuwa wahasibu wako, ambao nao nawapa salamu zangu, watauliza fedha zitatoka wapi. Ni swali la haki. Nchini Marekani, katika aina nyingi za bidhaa, muuzaji hukatwa zaidi ya asilimia 13 ya jumla yote anayolipa mnunuzi, gharama ya kutuma ikiwa ndani yake. Juu ya hiyo kuna ada ya kutangaza bidhaa ili ionekane mbele, huduma iliyoanza 2015 na ambayo sasa wauzaji wengi wanaiona ni lazima. Mkiruhusu wateja wengine wahamie kwenye tovuti za wauzaji, sehemu ya mapato hayo itapungua. Silikatai hilo. Ninachokiomba mkifikirie ni kutoza kwa uwazi kazi ile ya kukutanisha. Muuzaji atakayepewa anwani ya mteja alipe kiasi fulani kwa kila mteja aliyekubali, au asilimia ndogo ya oda ya kwanza atakayoifanya kwenye tovuti yake, au ada ya mwaka juu ya ile ya duka. Mimi nitalipa kwa moyo mweupe, na nawajua wenzangu watakaolipa.

Nina ujasiri wa kuyasema haya kwa sababu nimewaona mkibadilisha mambo makubwa kuliko hili. Machi 2023 mliondoa ada za kuuza kwa watu binafsi nchini Ujerumani. Oktoba 2024 mkafanya hivyo Uingereza, isipokuwa kwa magari, na mwaka uliofuata mkaanza kupata mapato hayo kwa njia nyingine, kupitia ada ya ulinzi inayolipwa na mnunuzi. Watu walisema kampuni haiwezi kuliacha pato ililolizoea miaka yote hiyo, nanyi mkaliacha, mkajenga jingine. Huo ulikuwa uamuzi wa watu wanaotazama mbali, na umefanyika katika zama zako.

Kuhusu sheria na usalama wa wanunuzi, naliweka jambo hili mbele yako kwa uzito wote, kwa sababu nami ni mnunuzi. Anwani ya nyumbani ambayo mnunuzi ananipa ili nimpelekee kifurushi chake ni amana. Sina ruhusa ya kuitumia kumtangazia biashara. Sheria za faragha za Uingereza na ile sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2018, zimelisema hilo, na Kenya kwa sheria yake ya 2019 na Tanzania kwa sheria yake ya 2022 zimeelekea njia hiyo hiyo. Ndiyo maana sitaki nipewe anwani za watu kwa siri wala kwa jumla. Nataka waulizwe. Kisanduku cha kukubali kiwe kitupu, mnunuzi mwenyewe ndiye akitie tiki. Maneno yaliyo juu yake yamwambie waziwazi kuwa akinunua kwenye tovuti ya muuzaji, dhamana ya eBay ya kurudishiwa fedha haitamfuata huko. Aweze kuiondoa ruhusa yake siku yoyote, na muuzaji atakayeendelea kumwandikia baada ya hapo achukuliwe hatua. Nafasi hii pia wasipewe wote. Wapeni wale ambao rekodi yao kwenu ni safi na ni ya muda mrefu. Mnazo takwimu za kila muuzaji, za vifurushi vilivyochelewa na kesi zilizofunguliwa, kuliko serikali yoyote ilivyo nazo. Mkifanya hivyo, muuzaji mwema atakuwa na sababu moja zaidi ya kubaki mwema.

Najua pia kuwa kwingineko jambo la aina hii limefikishwa kwa nguvu. Aprili 2025 Umoja wa Ulaya uliitoza Apple faini ya yuro milioni 500 kwa kuwazuia wenye programu kuwaelekeza watumiaji wao kwenye ofa zilizo nje ya duka lake. eBay haimo katika orodha ya kampuni ambazo Umoja huo umeziwekea sheria iliyotumika kuitoza Apple faini hiyo, na mimi sitamani iingizwe. Ningependa jambo hili litoke kwenu kwa hiari, likiwa na sura mliyoichagua wenyewe, kwa sababu kinachotolewa kwa hiari hujengwa vizuri na kinachotolewa kwa amri ya mahakama hujengwa kwa kiasi cha kuitosheleza amri.

Kwa idhini yako naongeza mambo mawili madogo, nami sitakuchosha nayo. La kwanza ni sifa. Muuzaji aliyepewa maoni mazuri na maelfu ya wanunuzi kwa miaka 15 akifungua tovuti yake anaanza kama mtu aliyezaliwa jana, hakuna anayemjua. Mngeweza kumpa hati ya eBay ya kuweka kwenye tovuti yake, inayoonyesha idadi ya mauzo na kiwango cha maoni, ikisasishwa na nyinyi wenyewe ili asiweze kuichezea. Hati hiyo ingekuwa pia tangazo lenu katika kila duka itakapowekwa.

La pili ni kadi. Wauzaji wengi wanajadiliana kwa hofu kama mtu anaweza kutia ndani ya kifurushi kadi yenye jina la duka lake na neno la asante. Mmoja anasema inaruhusiwa, mwingine anasema akaunti itafungwa, na kila mtu ana ndugu wa rafiki aliyefungiwa. Sentensi moja ya wazi kutoka kwenu, iliyoandikwa kwa lugha ya kila siku, ya kuruhusu au ya kukataza, ingewaondolea watu wengi wasiwasi. Wakiambiwa hapana, waungwana watatii. Kinachowachosha ni kukisia.

Sikuombi uibadilishe kampuni nzima kwa barua ya muuza stempu. Naomba jaribio. Chukueni aina chache za bidhaa ambazo wateja wake ni wakusanyaji na bei zake hazitishi, yaani stempu, kadi za posta na sarafu. Chagueni nchi moja. Uingereza inafaa, kwa kuwa mambo mapya mnayajaribu hapa na wakusanyaji wake ni wengi na wana subira. Wekeni kisanduku kile kwa mwaka mmoja, kwa wauzaji wenye rekodi safi tu. Hesabuni malalamiko yaliyoongezeka, kama yameongezeka. Hesabuni pia kama wauzaji hao wameleta vitu vichache mnadani au vingi zaidi, na kama wanunuzi waliokubali kuandikiwa wamepunguza kuja kwenu au wamezidisha. Mimi niko tayari kuwa miongoni mwa wa kwanza, kwa masharti mtakayoyaweka na kwa ada mtakayoipanga, na mauzo ya tovuti yangu kwa mwaka huo nitawafungulia myakague.

Kama baraza lako litaona jibu ni hapana, nalo nitalipokea kwa shukrani, na nitaomba tu lije na sababu zake, ili wenzangu wanaosubiri wajue la kufanya na maduka yao.



Wako kwa heshima na taadhima,

Muuzaji wa stempu na kadi za posta za Afrika Mashariki,
Leicester, Uingereza.